Uvimbe wa figo kwenye ukoo: kwa nini kipimo cha jeni huanza na mgonjwa

Mwanamume wa miaka 38 anapigwa picha ya tumbo kwa sababu ya maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Maumivu yenyewe yanaonekana kuwa ya misuli tu, lakini picha imenasa kitu kingine: uvimbe mmoja kwenye figo ya kulia na miwili midogo kwenye figo ya kushoto. Daktari anamuuliza kama kwao kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya figo. Anajibu hapana, na anasema kweli.

Mama yake, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, anaanza kukumbuka. Yeye mwenyewe jicho lake la kushoto lilipofuka akiwa na miaka 24, akaambiwa kuna mishipa ya damu iliyovuja ndani. Kaka yake, yaani mjomba wa mgonjwa, alifia kwenye meza ya upasuaji wa ngiri. Presha ilipanda ghafla, moyo ukasimama. Bibi naye alifariki kwa kile kilichoitwa uvimbe wa kichwa, kabla wajukuu hawajazaliwa. Mmoja jicho, mwingine presha, mwingine kichwa. Hakuna aliyeugua figo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwaza kwamba huenda wote watatu waliugua kitu kimoja.

Familia hii nimeibuni ili nieleweke, lakini kila kipande chake ni jambo ambalo madaktari wa magonjwa haya hulikuta. Na swali la kwanza baada ya mazungumzo kama hayo mara nyingi hutoka kwa mtu asiyeumwa. Dada wa mgonjwa anauliza: "Na mimi nikapime?" Ana haki ya kuuliza. Jibu sahihi ni: bado, kaka yako atangulie. Makala hii inaeleza sababu ya jibu hilo, kwa kuwa familia nyingi hupoteza pesa, muda na usingizi kwa kuanzia mahali pasipofaa.

Nyingi hazirithiwi

Saratani nyingi za figo hazitokani na urithi. Uvutaji wa sigara, unene uliopitiliza na shinikizo la damu ni miongoni mwa vichochezi vyake vikuu, na umri nao una mchango wake. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kati ya wagonjwa 100, watano hadi wanane ndio wenye aina ya kurithi. Ndugu wawili walioanza kuugua wakiwa na miaka 70, wote wavutaji wa miaka mingi, wanaweza kuwa wameunganishwa na sigara kuliko damu.

Kinachomfanya daktari afikirie urithi ni mambo mengine. Mgonjwa ana miaka 46 au chini ya hapo. Uvimbe uko kwenye figo zote mbili, au ni zaidi ya mmoja kwenye figo moja. Yupo mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja mwenye saratani ya figo. Seli za uvimbe chini ya darubini ni za aina isiyo ya kawaida. Au kuna alama nje ya figo: kwenye ngozi, macho, mapafu, mfuko wa uzazi, au tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Si lazima zikutane zote. Moja tu inatosha kuanzisha mazungumzo.

Kwa nini ujana, na kwa nini figo zote mbili? Msingi wa maelezo uliwekwa mwaka 1971 na daktari Mmarekani Alfred Knudson, aliyekuwa akichunguza saratani ya jicho ya watoto. Jeni zetu nyingi huja kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni inayozuia uvimbe huendelea kufanya kazi hata nakala moja ikiharibika, almradi ya pili ni nzima. Kwa mtu wa kawaida, nakala zote mbili zinapaswa kuharibika ndani ya seli ileile, jambo linalochukua miaka mingi na mara nyingi halitokei kabisa. Aliyerithi kasoro amezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli ya mwili wake. Ni sawa na dereva aliyeanza safari bila tairi la akiba: gari linakwenda vizuri tu, ila pancha ya kwanza ndiyo itakayomsimamisha. Figo zina mamilioni ya seli, na zote hizo ziko barabarani bila akiba. Ndiyo maana uvimbe huja mapema, na huja sehemu zaidi ya moja.

Mfano huo unajibu pia swali ambalo wazazi hulibeba kwa uchungu. Mtoto harithi saratani. Anarithi nakala mbovu, na uvimbe huenda ukaja baadaye au usije. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata, awe wa kike au wa kiume, na kila mimba huanza hesabu yake upya. Mzazi wa watoto wanne anaweza kuwa amewapa wote, au asimpe hata mmoja. Upande nao haubagui. Katika familia yetu ya mfano kila kitu kimepita kwa mama, na kama daktari angeuliza tu kuhusu baba, baba wadogo na mashangazi, asingepata chochote.

Jeni moja, viungo vingi

Kisa cha jicho, presha na kichwa kina jina: von Hippel-Lindau, au VHL kwa kifupi. Hata madaktari waliuona ugonjwa huu vipande vipande kabla ya kuuona mzima. Eugen von Hippel, daktari wa macho wa Ujerumani, alieleza uvimbe wa mishipa ya damu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni Arvid Lindau wa Sweden, mwaka 1926, aliyeonyesha kwamba uvimbe huo wa jicho na ule wa sehemu ya nyuma ya ubongo ni ndugu. Jeni yenyewe, iliyoko kwenye kromosomu ya 3, ilitambuliwa mwaka 1993. Inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 36,000 huzaliwa na kasoro hii.

Inafaa kueleza namna inavyofanya kazi, kwa sababu ukiielewa, orodha ndefu ya viungo huacha kuwa fumbo. Jeni ya VHL hutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuhakikisha protini nyingine, iitwayo HIF, inavunjwavunjwa wakati oksijeni ipo ya kutosha. HIF ni kama kengele ya kukosa hewa. Ikilia, seli huagiza mishipa mipya ya damu na chembe nyekundu zaidi. Nakala zote mbili za VHL zikiharibika, hakuna wa kuizima kengele. Seli inajiona imo ndani ya chumba kisicho na hewa, hata kama hewa imejaa tele, nayo inaendelea kuagiza mishipa ya damu bila kikomo. Kwenye retina mishipa hiyo huvuja na kupofusha. Kwenye ubongo na uti wa mgongo hujikusanya kuwa uvimbe unaobana. Kwenye figo seli hugeuka kuwa saratani ya aina ya seli angavu. Waliofumbua jinsi seli inavyohisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019, na kazi ya Kaelin ilianzia kwenye ugonjwa huu wenye wagonjwa wachache. Dawa ya kwanza ya kuizuia HIF yenyewe, belzutifani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa baadhi ya wagonjwa wa VHL. Inapunguza uvimbe, ingawa huleta upungufu wa damu na haifai kabisa kwa mjamzito.

Na mjomba? Katika VHL, tezi za adrenali zinaweza kuota uvimbe uitwao feokromositoma, unaomwaga homoni za kupandisha presha. Mtu anaweza kuishi nao bila kujua, akiona tu kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio na jasho linamtoka kwa vipindi. Dawa za usingizi na mguso wa kisu vinaweza kuufanya umwage homoni zote kwa mkupuo. Ndiyo maana kila mwenye kasoro ya VHL anapaswa kupimwa metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo, kwa damu au mkojo, kabla ya upasuaji wowote na mapema wakati wa ujauzito. Upasuaji wowote maana yake ni hata ule wa ngiri. Kama kuna jambo moja katika makala hii ningependa lifike kwa watu wengi, ni hili, kwa sababu kipimo chenyewe ni cha kawaida na kifo chake ni cha ghafla.

Ugonjwa wa pili unaostahili nafasi ni ule wa jeni ya FH. Alama zake ni vinundu vigumu vya ngozi, mara nyingi kwenye mikono na kifua, vinavyouma hasa wakati wa baridi. Wanawake hupata fibroidi nyingi na kubwa wakiwa bado wadogo, wengine hutolewa kizazi kabla ya kufika miaka 40. Fibroidi ni jambo la kawaida mno kwa wanawake, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, na hapo ndipo ukoo mzima unapopita bila kuonekana. Wengi wenye kasoro ya FH hawatapata saratani ya figo. Lakini wakiipata, ni kali na husambaa hata uvimbe ukiwa mdogo.

Tofauti kati ya magonjwa haya mawili inaonyesha faida halisi ya kujua jina. Kwa VHL, uvimbe mdogo wa figo haukimbiliwi. Hufuatiliwa kwa picha mpaka mkubwa kuliko wote ukaribie sentimita 3, ndipo hutolewa pamoja na wenzake na figo yenyewe ikabaki. Lengo ni mtu asifanyiwe upasuaji wa figo mara sita maishani, wala asiishie kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa FH, kusubiri hivyo ni hatari. Uvimbe imara ukionekana, unatolewa, hata ukiwa na sentimita moja. Picha mbili zinazofanana, maamuzi mawili yaliyo kinyume, na kinachoyatenganisha ni jibu la jeni.

Mengine niyapitie haraka. Birt-Hogg-Dubé, ulioelezwa mwaka 1977 na madaktari watatu wa Kanada ambao majina yao uliyachukua, huleta vipele vidogo vyeupe usoni na shingoni, vifuko vya hewa kwenye mapafu, na kwa takriban robo ya wagonjwa, pafu kupasuka na kusinyaa ghafla. Jeni yake ni FLCN. Kasoro ya jeni ya MET huleta uvimbe mwingi wa aina ya papilari kwenye figo zote mbili, bila alama za nje. Zipo pia SDHB, BAP1, na jeni mbili za TSC. Ugonjwa wa figo kujaa vifuko vingi vya maji ni kitu kingine, una jeni zake, na watu huuchanganya na haya bila sababu. Kwa watoto wadogo kuna uvimbe wa Wilms, ambao una njia zake za kuchunguzwa na ningehitaji makala nyingine kuueleza.

Mgonjwa atangulie

Sasa turudi kwa dada. Tuseme ameamua kwenda peke yake, akapimwa jeni 20 zinazohusiana na figo, na ripoti ikasema hakuna kasoro iliyopatikana. Je, amepona hofu? Hapana. Ripoti hiyo ina maana mbili, na hakuna anayeweza kuzitenganisha. Huenda kuna kasoro kwenye ukoo na yeye hakuirithi. Au huenda kasoro ya ukoo iko kwenye jeni ambayo haikupimwa, au iko mahali ambapo kipimo hakioni, naye anayo. Ametafuta sindano bila kujua kama imedondoka kwenye chumba hiki.

Kaka yake akipimwa kwanza, hali inageuka. Ikionekana kwamba ana kasoro fulani ya VHL, yaani herufi fulani ya jeni iliyokosewa mahali fulani, basi sasa kinachotafutwa kinajulikana. Dada anapimwa herufi hiyo moja tu. Asipokuwa nayo, jibu lake ni hapana ya kweli: hatari yake inarudi kuwa ya mtu mwingine yeyote, na watoto wake hawana haja ya kupimwa. Kipimo hicho cha pili kwa kawaida ni cha gharama ndogo na jibu lake halina utata. Kuanzia hapo ukoo hupimwa kwa kufuata matawi: wazazi, ndugu, watoto, kisha mjomba na mama wadogo, kisha watoto wao.

Kama mgonjwa ameshafariki, mlango haujafungwa. Vipande vya uvimbe uliotolewa huhifadhiwa ndani ya nta maabara, mara nyingine kwa miaka mingi, na ndugu wa karibu anaweza kuomba vipimwe. Si sampuli bora, lakini inaweza kuonyesha njia. Ikishindikana kabisa, anapimwa aliye hai mwenye dalili zinazokaribia zaidi. Mtu mzima asiye na dalili yoyote huwa wa mwisho kwenye foleni, na akipimwa aelezwe mapema kwamba hapana yake itakuwa hapana dhaifu.

Kuna mkanganyiko mwingine unaozisumbua familia kila siku. Hospitali nyingi siku hizi huupima uvimbe wenyewe ili kuchagua dawa, na ripoti hurudi ikisema: kasoro kwenye jeni ya VHL. Familia inasoma na kulia. Lakini jeni ya VHL huharibika ndani ya uvimbe wa wagonjwa wengi wa saratani ya seli angavu ambao hawakurithi chochote. Ni kasoro iliyozaliwa ndani ya figo na itakufa na mwenye figo. Ripoti ya uvimbe inaeleza uvimbe. Ili kujua kilichorithiwa, inabidi kupima damu au mate. Kabla ya kuwapigia simu watoto, tazama juu ya ripoti imeandikwa sampuli gani.

Na vile vifaa vya kutema mate vinavyouzwa mtandaoni kwa ajili ya kujua asili ya mtu? Hivyo hukagua sehemu chache zilizochaguliwa. Ukimya wao kuhusu figo si habari njema wala mbaya.

Siku ya kwenda kumwona mtaalamu wa ushauri wa jeni, kitu chenye thamani kuliko vyote ni karatasi. Chora ukoo wa vizazi vitatu, wa kuumeni na kukeni, ukiandika nani aliugua nini, akiwa na miaka mingapi, na alikufa kwa nini. Tafuta ripoti ya patholojia ya uvimbe, kwa sababu aina ya seli mara nyingi huelekeza kwenye jeni hata kabla ya damu kutolewa. Usichuje kwa kuandika saratani tu. Jicho lililopofuka mapema, fibroidi za binti wa miaka 25, pafu lililosinyaa bila ajali, kifo kwenye upasuaji mdogo, vyote viandike. Waulize wazee. Mara nyingi anayejua ni shangazi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza.

Muulize pia mtaalamu kama kipimo kinaweza kuona vipande vikubwa vya jeni vilivyokatika na kupotea. Baadhi ya familia za VHL zina kasoro ya namna hiyo, na kipimo kinachosoma herufi moja moja pekee kinaweza kupita juu yake bila kuiona.

Majibu yanavyosomeka

Maabara hupanga mabadiliko ya jeni katika ngazi tano, kuanzia yenye madhara hadi yasiyo na madhara. Ngazi mbili za juu huchukuliwa kuwa ndiyo, mbili za chini huchukuliwa kuwa hapana. Ya katikati ndiyo inayoleta taabu: badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Maabara imeona herufi tofauti na ya kawaida, lakini haina ushahidi wa kutosha kusema kama inaharibu kitu au ni tofauti ya kawaida kati ya watu, kama vile urefu wa pua.

Jibu hilo lisigeuzwe kuwa ndiyo. Mtu asitolewe figo kwa sababu yake, na ndugu wazima wasipimwe badiliko hilo ili kuamua nani afuatiliwe. Wakati huohuo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kulala. Mgonjwa mwenye uvimbe figo zote mbili akiwa na miaka 38 anabaki na historia hiyohiyo, na ndugu zake hufuatiliwa kwa kuangalia historia, si kwa kuangalia badiliko lisiloeleweka. Ushahidi ukiongezeka, maabara hubadilisha ngazi, na mabadiliko mengi ya namna hii yanapopangwa upya hushuka kuwa yasiyo na madhara. Kwa hiyo inafaa kumwuliza mtaalamu tena kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Niseme jambo ambalo linaniuma. Hifadhi kubwa za jeni ambazo maabara hulinganisha nazo zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Herufi ambayo ni ya kawaida kabisa kwa watu wenye asili ya Afrika inaweza kuonekana ngeni kwa sababu tu watu hao hawajapimwa vya kutosha. Matokeo yake, familia zenye asili ya Afrika na Asia hupewa jibu la "haijulikani" mara nyingi zaidi. Kwa upande wa familia, kosa si lao na damu yao haina tatizo la ziada. Wanachoweza kufanya ni kukubali ndugu wagonjwa zaidi ya mmoja wapimwe. Kama badiliko linawafuata wagonjwa wote na kuwakwepa wazima, ushahidi unaanza kujengeka. Kama mgonjwa mmoja hanalo, nao huo ni ushahidi.

Kwa VHL, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ndiye wa kwanza kwenye ukoo wake; wazazi wote wawili hawana kasoro. Hii ndiyo sababu kukosekana kwa historia ya familia hakumzuii mtu kupimwa. Wazazi wake wanaweza kupimwa ili kuhakikisha, na watoto wake wana asilimia 50 ileile. FH nayo ina hesabu ya ziada. Mtoto akipata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, huzaliwa na ugonjwa mzito wa ubongo na mwili. Hutokea kwa nadra sana, lakini mwenye kasoro ya FH anayepanga kuzaa anaweza kutaka mwenzake naye apimwe.

Kuna upande wa bima na kazi, ambao ni lazima uulizwe kabla ya damu kutolewa, kwa kuwa sheria hutofautiana nchi na nchi. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza bima za afya na waajiri kutumia matokeo ya jeni dhidi ya mtu, lakini sheria hiyo haigusi bima ya maisha.

Watoto

Mgonjwa wetu ana binti wa miaka tisa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Je, wapimwe? Kanuni ni rahisi kuisema na ngumu kuibeba: mtoto hupimwa pale ambapo jibu litabadilisha kitu anachofanyiwa sasa. VHL inabadilisha. Mwenye kasoro huanza kuchunguzwa macho angali mchanga, hupimwa presha na metanefrini kuanzia miaka mitano hivi, na picha za MRI za kichwa, uti wa mgongo na tumbo hufuata anapoelekea ujana na akiwa kijana. Retina iliyoonwa mapema hutibiwa kwa leza na jicho hubaki linaona. Kwa hiyo watoto wote wawili wapimwe. Kwa FH, picha ya figo ya kila mwaka hushauriwa kuanzia miaka minane hadi kumi, hivyo binti angekuwa amefika wakati wake na mdogo wake wa kiume asubiri. Kwa Birt-Hogg-Dubé, ambako figo huanza kuangaliwa karibu na miaka 20, hakuna haraka. Mtoto akue, aamue mwenyewe.

Mtoto aliyepimwa aelezwe, kwa lugha ya umri wake. Binti wa miaka tisa anayepelekwa kuangaliwa macho kila mwaka bila maelezo hujitungia maelezo yake, na huwa mabaya kuliko ukweli. Kwa umri huo inatosha kumwambia kwamba mwili wake una kitu kinachohitaji kuangaliwa mara kwa mara ili kikitokea kiondolewe kingali kidogo, na kwamba baba naye anacho.

Asiyetaka kujua

Tuseme majibu yametoka. Kaka ana kasoro ya VHL, na mama anayo, kama jicho lake lilivyoashiria. Dada mkubwa hana. Watu hudhani atatoka akishangilia, kumbe wengi wa namna yake hutoka wakilia, kwa kujiona wameachwa salama huku wenzao wakibaki ndani. Naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye, ingawa hana ugonjwa.

Mdogo wao wa kike, mwenye miaka 29, amekataa kupimwa. Ana mchumba, hajawaambia wakwe, na anasema hana nafasi moyoni kwa jambo hili mwaka huu. Ndugu zake wanamkasirikia. Lakini damu ni yake, na kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawaambiwi: anaweza kuchunguzwa kana kwamba ana kasoro, bila kupimwa jeni. Daktari wa macho mara moja kwa mwaka, presha na metanefrini, na picha za MRI kwa ratiba ya VHL. Itamgharimu muda zaidi kuliko mrija mmoja wa damu, na huenda kwa miaka kadhaa akaangaliwa kitu asichokuwa nacho. Siku akiwa tayari, herufi ya kutafuta imeshaandikwa kwenye ripoti ya kaka yake. Kwa sasa kuna mambo mawili tu ambayo ndugu zake wasiyaachie: asiingie chumba cha upasuaji, wala asianze kliniki ya ujauzito, bila kumwambia daktari jinsi mjomba alivyokufa.